Moshi wa Nyumba ya Juu

Siméon wa mtaa wetu wa Mususa ametembea Uhispania kuliko Wazungu wengi, na mpaka leo hajavuka hata mpaka wa Kasindi ulio karibu nasi. Msicheke. Kila Jumapili baada ya misa ya pili anaweka kiti chake cha mbao mbele ya karakana wanamochomea milango ya vyuma, maana chumba anachopanga kiko nyuma yake, anasimamisha simu juu ya goti lililo zima, na binti yake Kahindo anamtembeza. Kahindo anatunza wazee katika kijiji kimoja cha Extremadura, sehemu ya Uhispania ambako, kwa maneno yake mwenyewe, miti ni mingi kuliko watu. Siku yake ya mapumziko anashika njia ya miguu, anainua simu, na baba anaona kuta za mawe, kanisa la miaka mia tano, nguruwe weusi wakiokota matunda chini ya mialoni.

Mialoni ndiyo iliyomnasa mzee. Siméon amemenya kenkina miaka thelathini. Ni ule mti ambao ganda lake linatengenezwa dawa ya malaria, na huku kwetu ganda hilo limesomesha watoto wengi, Kahindo mmojawapo. Lakini kenkina unaikata kwanza, kisha unaimenya ikiwa chini, na kisiki unakiacha kichipuke. Kule wanamenya mwaloni, ganda lake la kutengenezea vizibo vya chupa, ukiwa umesimama, shina linabaki jekundu kama mguu uliochubuka, wanaliandika namba kwa rangi nyeupe, wanakaa miaka tisa, wanarudi, na ganda lipo tena. Siku alipoonyeshwa hivyo Siméon alibisha mpaka mafundi wa karakana wakaacha kazi kumsikiliza.

“Hii muti itakufa,” alisema.

“Papa, hii balianza kuimenya mbele mi nizaliwe,” Kahindo akamjibu.

Mzee akaisogeza simu karibu aone vizuri. Mtu aliyezoea kushinda katika habari za maganda, siku hiyo alishindwa, na alifurahi kushindwa.

Mke wake, Emérence, yeye hakujali miti. Alikuwa anasimama nyuma ya kiti, mikono ina unga wa foufou, ule ugali wa muhogo, akiangalia mapaa tu. “Moshi iko wapi?” aliuliza kila Jumapili. “Ile nyumba haina moshi. Nani anabapikia bale batu?” Kahindo alimweleza habari za majiko ya gesi mara kumi, bure. Kwa Emérence nyumba isiyotoa moshi ilikuwa na shida, na shida hiyo lazima mtu aende kuiuliza.

Sasa, Jumapili ninayoisimulia, nyuma ya kiti hapakuwa na mtu. Ilikuwa siku ya kumi tangu Emérence aende Vusahya, kijiji chao cha upande wa Beni, walichokikimbia miaka minne iliyopita kwa sababu ya waasi. Alikwenda kuchimba mihogo na kuangalia kenkina zao. Wanawake wanafanya hivyo, wanaingia wawili watatu, wanalala usiku mmoja, wanatoka, kwa sababu njaa ya mjini haina huruma. Goti la Siméon haliwezi tena mwendo ule, ndiyo maana alikwenda mke, na jambo hilo peke yake lilikuwa linamla mzee kabla hata ya mabaya kutokea. Siku ya tatu simu ya Emérence ilizimika. Siku ya tano habari ikafika mjini kwamba adui, yaani wale waasi, amepita Vusahya. Wanawake wawili aliokwenda nao walirudi bila viatu. Walisema walitawanyika kwenye migomba, kila mmoja na njia yake, na hawakumwona tena.

Siméon alifanya nini? Afanye nini? Alimpigia Jamali, Mwislamu wa Beu, huko mjini Beni, ambaye zamani lori lake ndilo lililobeba maganda yao. Kila asubuhi Jamali alikwenda kuuliza kwenye kizuizi cha wanajeshi, na kila asubuhi jibu lilikuwa moja. “Muzee, basoda hapana kupitisha mutu. Nitarudia kesho.” Mzee anashukuru, anakata simu, anakaa. Nimemwona mimi kwa macho yangu akifagia mbele ya karakana mara tatu kwa saa moja.

Kahindo hakuambiwa. Baba alijisemea kwamba mtoto yuko peke yake katika nchi za watu, akianguka nani atamwinua, na kwamba Emérence anaweza kufika leo jioni na maneno yote yakawa bure.

“Papa, leo ninakuonyesha nyumba yenu,” Kahindo alianza, na sauti yake ilikuwa inaruka kwa furaha. Akaeleza mambo aliyoyaficha tangu Januari. Juu ya kijiji chake kuna kijiji kingine kidogo, cha zamani zaidi, kilichobaki kitupu. Komini, yaani serikali ya pale kijijini, inatafuta mume na mke wa kukaa huko na kufanya kazi ya maganda, na yeye amewasumbua kwa jina la baba yake mpaka wamekubali kulijadili. Kikao ni Alhamisi. Wanataka majina mawili, na picha ya wawili wamesimama pamoja. “Mama iko wapi, banaomba picha leo.”

“Mama iko ku matanga,” Siméon akasema.

“Sawa, atarudi. Angalia sasa.”

Akapanda ile njia akiwa ameelekeza simu mbele. Mzee aliona majani marefu, kisha ukuta wa kwanza. Mlango umefungwa. Mlango wa pili umefungwa, majani yameota kwenye kizingiti. Nyumba ya tatu paa limeanguka ndani, na dirishani inaonekana meza, kiti kimelala chini, kalenda bado ukutani. Kuku hakuna. Mtoto hakuna. Kwenye kuta kuna namba nyeupe zilizofifia.

“Kahindo, toka hapo,” Siméon alisema.

“Papa?”

“Toka sasa. Usipite katikati ya njia, pita pembeni. Bale batu, nani alibafukuza?”

Kahindo alicheka. “Hakuna mutu alibafukuza. Bazee balikufa, batoto balienda mu muji juu ya kazi. Ni hivyo tu.”

“Unasikia ndege mu miti? Kama ndege inanyamaza, lala chini. Viatu toa, kimbia na miguu tupu. Na usiite mutu kwa jina.”

Hapo kicheko kilikwisha. Kahindo ni mtoto wa Vusahya. Maneno hayo aliyajua yanatoka wapi, na alijua baba yake hana desturi ya kuyasema Jumapili mchana bila sababu. Akageuza simu, uso wake ukajaa kioo chote.

“Papa, matanga ya nani?”

Siméon alitafuta jina. Jirani mmoja tu, mgonjwa wa zamani, mtu yeyote. Hakuweza kumuua mtu kwa mdomo, hata kwa uongo wa dakika mbili. Basi akasema ukweli wote, tangu siku ya kwanza mpaka ya kumi, kwa sauti ndogo.

Kahindo aliketi kwenye kizingiti cha nyumba ile. Simu ilimlalia mkononi, na kwa muda mrefu baba aliona tawi la mwaloni na mbingu, akisikia mwanawe analia mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.

“Ninakuja,” Kahindo alisema mwisho.

“Utakuja ufanye nini? Mi niko hapa, sifiki. Jamali iko Beu, hafiki.”

“Basi kuja weye. Nitaandika jina lako kwanza. Mama akipatikana atakufuata.”

“Akipatikana atakwenda wapi?” Siméon akauliza. “Anajua huu mulango wa Mususa tu. Hana mwingine.”

Alhamisi asubuhi Jamali alipiga. Kizuizi kilikuwa kimefunguliwa kwa muda wa saa moja, na alifika Vusahya akisindikizwa na basoda. Kenkina zote zimemenywa zikiwa zimesimama, kwa haraka, na watu wasiojua kazi. Zile hazitachipuka. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, alikuta kitunga cha Emérence kimejaa mihogo iliyomenywa na kufungwa vizuri, kamba ya kubebea kichwani imeshawekwa. Mwenyewe hayupo, wala alama yake hakuna. Jamali alizunguka akiita kwa sauti ya chini mpaka basoda wakamwambia inatosha. Kitunga alikileta mjini siku ya pili yake. Siméon alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka ndani, na hakuruhusu mtu akifungue.

Kahindo alimpigia Alhamisi ileile mchana akiwa nje ya ofisi ya komini, anasubiri kuitwa. “Papa, nibaambie nini?”

Mzee akajibu. “Ile muti yabo banaingojea miaka tisa. Ubaambie batungoje na sisi.”

Aliwaambia. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa pole, na kabla ya Pasaka nyumba ikapewa watu wengine, mume na mke waliokuwa na picha.

Jumapili za sasa Kahindo bado anamtembeza. Emérence hajarudi, na habari yake haijafika, nzuri wala mbaya. Kiti kiko palepale, maana Siméon hataki kuhama mlango huo hata kwa mita kumi. Juzi walipita chini ya kile kijiji cha juu. Kahindo alitaka kugeuza simu upande mwingine, lakini mzee alikuwa ameshaona: katikati ya mapaa yote yale matupu, moja lilikuwa linatoa moshi.

Akageuka haraka nyuma ya kiti, kumwambia Emérence.