Mwendo wa Jumatatu

"Leo ni siku ya polepole. Mbona unapumua hivyo?"

Kocha Mkuu aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kambini, karibu na Merigi. Nilikuwa nimeinama, mikono magotini, matope mekundu hadi mapajani. Nilikuwa na digrii ya sayansi ya michezo na nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu mapigo ya moyo. Nikaendelea kuhema.

Leo nina miaka thelathini na mmoja na nimestaafu. Msicheke, miguu huzeeka kabla ya uso. Nawaandikia nyinyi mnaoingia kambini sasa na saa zenu kubwa mkononi, kwa sababu nimechoka kuwaona mkirudia upumbavu ambao nilidhani niliumaliza mimi.

Wakati wetu wiki ilikuwa hivi. Jumanne tulikimbia fatleki, yaani dakika moja kasi, dakika moja taratibu, hadi Kocha apige filimbi. Alhamisi tulikuwa uwanjani. Jumamosi ilikuwa mbio ndefu kwenye barabara za murram katikati ya majani chai. Siku zilizobaki zilikuwa za polepole, na hizo ndizo mwili hutumia kujirekebisha. Siku hizo wasichana tulikimbia nyuma ya mweka kasi, mkimbiaji mwanamume anayeshika mwendo ili wengine wamfuate. Sheria ilikuwa moja: usiache nafasi kati yako na yeye.

Niliuliza kwa nini. Kwa nini nyuma? Kwa nini polepole yangu ipimwe kwa miguu ya mtu mwingine?

"Wewe wa chuo," Kocha Mkuu akasema. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na bado alitembea na chaki mfukoni. "Kimbia kwanza. Maswali utauliza ukipumzika."

Mweka kasi wetu aliitwa Kibet, kijana mrefu wa Longisa asiye na maneno mengi. Mimi nilikuwa binti wa Mkikuyu mwenye duka Sosiot, na wenzangu, wenyeji wa huku, hawakuniacha nisahau. "Shiru, leo nani anauza sukari?" Kwa hiyo siku hiyo ya kwanza nilimganda Kibet kisigino kwa kisigino.

"Kumbe watu wa duka wanakimbia," alisema bila kugeuka.

Nilikasirika nikaongeza hatua. Naye akaongeza. Tulifika tukiwa tumewaacha wengine mbali, siku ya polepole, na ndipo nikaulizwa lile swali.

Mwezi wa tatu tukawa wapenzi. Mwezi wa tano nyumbani kwao walishaanza kuzungumzia koito, siku ambayo watu wa kijana huja kwa wazazi wa msichana kuposa, na mama yangu alikuwa ameanza kuhesabu viti. Sikuwa tayari. Nilitaka kumjua mtu huyu akiwa amekasirika, akiwa mgonjwa, akiwa ameshindwa. Lakini nilidhani yeye ndiye mwenye haraka, na niliogopa kuacha nafasi.

Hapo ndipo mnaponiudhi, mabinti. Mnafanya mweka kasi na mpenzi kuwa mtu mmoja, kisha mnashangaa. Kumwambia mweka kasi "punguza" ni sehemu ya kazi. Kumwambia mpenzi "punguza" nilidhani ni kumfukuza. Basi nikanyamaza, barabarani na nyumbani.

Wiki tatu kabla ya majaribio ya kuchagua timu, muundi wangu wa kushoto ulianza kuuma. Nilijua somo hilo kuliko mtu yeyote pale kambini. Maumivu yaliyotapakaa mguuni huweza kuwa uchovu wa misuli. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, huenda ni mfupa unaoanza kupasuka. Unaacha kukimbia siku hiyo hiyo na kumwona daktari. Mimi nilipaka dawa ya kuchua, nikavaa soksi ndefu.

"Shiru, hiyo mguu iko sawa?" Kocha Mkuu akauliza.

"Iko sawa, Mwalimu."

"Na hiyo sura?"

"Hiyo nilizaliwa nayo."

Watu wakacheka sana. Hata mimi. Lau angeninyang'anya viatu badala ya kucheka!

Jumatatu iliyofuata tulivuka daraja la mbao chini ya bonde, mimi na Kibet mbele kama kawaida, tukaanza kupanda mlima. Katikati ya mlima mguu ulikataa. Niliketi kando ya barabara, kwenye ukingo wa shamba la chai. Mama mmoja mchumaji aliweka kikapu chini akaja kunishika mabega.

"Pole, mwanangu. Na huyo kijana mbona hageuki?"

Nilimtazama Kibet akipanda hadi kilele. Hakugeuka.

Picha ya hospitali ilionyesha ufa kwenye mfupa. Niliporudi kambini na magongo, kitanda cha Kibet kilikuwa kitupu. Alikuwa amemwambia Kocha kwamba anaenda kwao kuvuna mahindi. Siku kumi na moja simu yangu haikulia. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: msichana asiyekimbia hana faida. Nilimwandikia asinitafute tena. Alijibu neno moja, "Sawa," na kambini hakurudi tena.

Mfupa uliunga. Kasi haikurudi. Kocha Mkuu alinipa daftari la kambi niandike mazoezi ya wengine, na baada ya miaka miwili nikahamia kambi nyingine upande wa Sosiot, chini ya Meneja aliyependa michoro ya mapigo ya moyo kuliko watu. "Namba hazidanganyi," alikuwa akisema.

"Namba hapana, Meneja. Lakini hawa wasichana wanazidanganya."

Tulibishana hadi akachoka akaniachia siku za polepole. Nilifuta sheria ya kutoacha nafasi. Kila msichana alisimulia kitu akikimbia, hata kama ni ugomvi wa jirani; asiyeweza kumaliza sentensi bila kuhema alitembea. Na hakuna aliyeruhusiwa kuwekewa kasi na mpenzi wake.

"Madam, unatuonea wivu," walinung'unika.

"Ndiyo. Nawaonea wivu miguu."

Nimeacha kazi hiyo mwaka huu, na walionirithi wameshaanza kuwapanga wapenzi pamoja kwa sababu "wanaelewana." Nimewaambia. Nimewaandikia. Wanaitikia kwa kichwa, wanaangalia saa zao. Sijui kwa nini nilidhani watasikia, ikiwa mimi mwenye digrii sikujisikia mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama majani chai ya shamba lake dogo kwenye kituo cha kununulia. Dereva wa lori la majani aliteremka, akasimama akinitazama. Alikuwa Kibet, amenenepa kidogo, ana mke na watoto wawili.

"Shiru wa duka," akasema. "Wewe ulinitesa."

"Mimi? Wewe uliyeniacha barabarani?"

"Ulikuwa unanikanyaga kisigino tangu siku ya kwanza! Kila Jumatatu nakusikia nyuma, nasema, huyu wa chuo anataka kunipita. Nikipunguza ataniona bure." Akacheka. "Hata ile koito. Mama yako aliuliza mama yangu tarehe. Nikajua umemtuma."

"Sikumtuma mtu."

Watu walikuwa wakipanga magunia kwenye mizani.

"Hukugeuka," nikasema. "Siku ile mlimani. Hata mara moja."

Aliweka mguu wa kulia kwenye ngazi ya lori, akapandisha suruali, akachukua kidole changu akakiweka katikati ya muundi wake. Chini ya ngozi kulikuwa na uvimbe mdogo, mgumu, wa mfupa uliovunjika ukaunga.

"Ulipasuka lini?" nikauliza.

"Jumatatu hiyo hiyo. Wangu ulianza kabla ya daraja. Sikuwa navuna mahindi, Shiru. Nililala kwa mama wiki sita. Nilitaka kusimama pale darajani, nikasikia viatu vyako bado vinakuja."