Mkalimani wa Lugha Moja

Baba aliporudi kutoka kizuizini, nilikuwa msichana mkubwa wa kuimba kwaya na kucheka ovyo. Nilicheka kisimani, nilicheka kanisani, nilicheka hata shambani kwa mzungu tulikochuma kahawa, mpaka mnyapara akaniuliza kama majani yananitekenya. Miaka ya hamsini ilikuwa inaisha, na emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nayo ilikuwa inalegea. Watu walianza tena kutoka Ruiru kwenda Thika bila kusimamishwa kila mahali, na kwangu hiyo ilitosha kunilevya.

Kanisani kwetu, upande wa Mugutha, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Wake wa waliofungwa kambini au kupigana na serikali msituni walikaa upande wa dirisha. Wake wa ngati, yaani walinzi waliobeba bunduki za serikali, walikaa upande wa pili, penye ukuta. Hakuna aliyewapanga. Tuliimba wimbo mmoja, tukatoka kwa mlango mmoja, lakini kundi moja lilisubiri lingine litoke kwanza.

Mama alikaa dirishani, jirani yetu akakaa ukutani. Nyumba zao zilikuwa zimebanana, kama zote katika vijiji vile tulivyojengeshwa kwa nguvu, hivi kwamba moshi wa jiko la jirani ulitukohoza sisi. Zamani walikuwa marafiki wa kubebeana watoto. Kisha baba akachukuliwa, na mume wa jirani alikuwa mmoja wa waliosimama mlangoni na bunduki. Halafu ndugu wa jirani akauawa na watu wa msituni, na kila mtu alijua mama alikuwa akiwapelekea watu hao chakula. Tangu hapo hawakusemeshana. Wakilazimika kuongea, waliongea kupitia kwangu.

"Mwambie huyo mama kuku wake wako kwenye mboga zangu," mama alisema, jirani akiwa amesimama pale pale.

"Mwambie nimewaona," jirani alijibu.

Nami nilisimama katikati nikirudia kila neno, kwa maana mama alinitaka nirudie.

Ndipo tukaletewa mchungaji mpya, mtu mwembamba mwenye hatua ndefu, aliyehubiri kama mtu anayekimbilia gari. Jumapili moja alitangaza kwamba makanisa ya Ruiru na Thika yatawaalika Waislamu wa msikiti wa Thika, Wahindi wa hekaluni na Makalasinga, tuje tule pamoja, tuombe, na tuambiane yaliyotuumiza katika miaka ile mibaya. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza tutawezaje kupatana na Mhindi na sisi wenyewe hatujapatana. Mchungaji alisema ameliwaza hilo. Mkiwa peke yenu, alisema, kila mmoja anangoja mwenzake aanze, lakini hakuna mwenye nyumba anayegombana mbele ya wageni. Halafu, bila kupumua, akatangaza kwamba watakaosimamia chakula ni mama na jirani yetu. Nilishika mdomo kwa mikono yote miwili. Mama aliniangalia kwa jicho ambalo lingekausha mto Ruiru.

Hakukataa. Kumkatalia mchungaji mbele ya kanisa hakukuwezekana, na nadhani hakutaka ionekane kwamba jirani amekubali na yeye ameshindwa. Alitoa sharti moja tu, kwamba niende naye kila mahali.

Kikao cha chakula kilifanyika Thika, nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, kwa sababu mke wake ndiye alikuwa na chumba kikubwa. Kulikuwa na mchungaji na yule mzee wa kanisa, mwalimu wa msikiti aliyekuwa mtu mpole mwenye kofia iliyofuliwa ikafuliwa tena, na Kalasinga aliyekuwa na kiwanda cha mbao, mtu mkubwa kiasi kwamba kiti kilipotea chini yake. Mama na jirani walikaa kwenye benchi moja, nami katikati yao.

Mchungaji alianza kwa kusema kanisa litachinja mbuzi. Mwalimu wa msikiti alishukuru, akaeleza kwa adabu kwamba Mwislamu atakula tu nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Mchungaji alisema hilo halina shida, basi mwalimu atachinja. Hapo Kalasinga akakohoa. Alisema kwa dini yake nyama iliyochinjwa kwa namna hiyo hailiwi. Mchungaji akasema basi mbuzi wawe wawili. Mke wa Mhindi akasema yeye na watu wake hawali mbuzi yeyote, wa huyu wala wa yule, wala kuku, wala yai. Mzee wetu wa kanisa, aliyekuwa ameingia na baiskeli yake mpaka ndani, alinung'unika kwamba karamu isiyo na nyama ni mkutano tu. Kicheko kilikuwa kimenipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimejifinya paja hadi likafa ganzi.

Mke wa Mhindi alitugeukia sisi akauliza, kwa Kiswahili chake cha dukani, nyumbani kwetu watu wakifurahi tunakula nini.

"Mukimo," alisema mama.

"Mukimo," alisema jirani, wakati ule ule kabisa.

Walishtuka wote wawili. Jirani aliniambia nimwambie mama kwamba ndani ya viazi vile vya kuponda njahi ndizo zifaazo, zile kunde nyeusi za sherehe. Nikamwambia. Mama aliniambia nimwambie jirani kwamba njahi zitaubadilisha rangi mukimo, wageni wataogopa, afadhali mahindi na majani ya malenge. Nikamwambia. Jirani akaniambia nimwulize mama tangu lini amekuwa fundi wa rangi. Nikauliza. Kichwa changu kilienda kulia na kushoto, na chumba kizima kilitufuata kwa macho.

Mke wa Mhindi alituangalia kwa huruma ya kweli. Alimwinamia mchungaji, lakini sauti yake haikuwa ya kunong'ona.

"Huyu nasema, mtoto nasema, ile nasema," alisema. "Pole. Hawa mama mbili hapana jua lugha moja?"

Mchungaji aliangalia dari. Kisha nikasikia benchi linatikisika. Nilidhani ni mimi, lakini alikuwa mama. Alikuwa amefunika uso na leso, na mabega yake yalikuwa yanaruka. Upande wa pili jirani alitoa sauti nyembamba kama birika linaloanza kuchemka, akajaribu kuirudisha, ikamshinda. Walicheka wakaniegemea, huyu huku na yule kule, nikabanwa katikati nisiweze kupumua, nami nikacheka hadi machozi yakaingia mdomoni. Kalasinga alicheka kiti kikalia. Mwalimu wa msikiti alivua kofia akajipangusia macho. Mke wa Mhindi peke yake hakuelewa, akatuletea chai akidhani tunaumwa.

Jirani alipopata pumzi alimgeukia mama, juu ya kichwa changu.

"Lugha tunaijua," alimwambia.

"Tunaijua," mama alijibu.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka.

Kalasinga alitupa lifti kurudi Ruiru, nyuma ya lori lake la mbao. Tulikaa juu ya mbao zilizonukia vizuri, mashamba ya mkonge yakitupita pembeni, na kila lori liliporuka shimo tulianza kucheka upya. Tulipokaribia Ruiru, jirani aliacha kucheka. Alimwita mama *mwari wa maitu*, binti wa mama yangu, ndivyo kwetu dada anavyomwita dada yake.

"Si mimi niliyemtaja mzee wako kwa serikali," alisema. "Lakini siku mlipopelekwa kwa nguvu kuchimba handaki la kijiji, mdogo wake huyu akiwa mgongoni, ulipita kwangu ukaomba maji. Nilikuwa ndani. Nilifunga mlango."

Mama aliangalia barabara iliyokuwa ikirudi nyuma yetu.

"Nilisikia komeo," alisema. "Na mimi, ndugu yako alipozikwa, sikuja. Nilikuwa nimekwisha kujifunga leso nije, nikaifungua."

Walilia, lakini kilikuwa kilio cha ajabu, kwa maana lori liliruka tena, jirani akaangukia mapajani kwa mama, na wote wawili wakajikuta wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Mimi nilishindwa kabisa. Kalasinga alisimamisha lori akashuka kuangalia kama tumeanguka.

Siku ya karamu, uani mwa kanisa la Thika, mukimo ulipikwa wa aina mbili, wenye njahi na usio na njahi, na mke wa Mhindi alileta samli na pilipili ya kuwasha akazimwaga juu ya yote bila kuuliza. Watu walikula wakatokwa jasho. Baada ya chakula mchungaji aliwaomba wenye la kusema waseme. Kalasinga alisimama kwanza. Alisema emajensi ilipoanza aliwafukuza mafundi wake wote Wakikuyu kwa kuogopa, watu waliokuwa wamekula nyumbani kwake, na kwamba hajawahi kuwaambia pole. Fundi mmoja mzee alisimama nyuma, akaenda akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kiwanda kile kilianza kuharibika siku ile ile. Watu walipiga makofi. Hata mzee wetu wa baiskeli alipiga.

Baba na mume wa jirani hawakusema kitu. Walikaa mbali, kila mmoja na sahani yake, na nilipowaona nilielewa kwamba kwao haitakuwa rahisi kama kwa wanawake.

Lakini mwalimu wa msikiti alikuwa ametualika Idi. Siku ilipofika, mama na jirani walivaa leso mpya, wakabishana njia nzima kama Mkristo anaruhusiwa kuomba pilau aongezewe. Tuliongezewa bila kuomba. Mke wa mwalimu alitufungia halua turudi nayo, kitu cha kunata na kung'aa ambacho hatukuwahi kukiona Mugutha.

Jioni mama alimpa baba kipande chake. Baba alikigeuzageuza, akakinusa, akaonja kidogo. Kisha akakikata katikati kwa kisu, akaichukua nusu mkononi na kutoka nje. Tulimsikia akibisha mlango wa jirani. Mama alishika mkono wangu kwa nguvu, tukasimama nyuma ya ukuta wa udongo tukisikiliza kama wezi. Mlango ulifunguliwa. Halafu sauti ya mume wa jirani ikauliza hiki ni nini, na sauti ya baba ikajibu kwamba hajui, lakini kinanata kwenye meno.

Alikaa huko mpaka chakula chake kikapoa. Walichozungumza hakuwahi kutuambia. Sisi tulisikia tu, kupitia ukutani, kwamba walikuwa wanabishana juu ya bei ya ng'ombe katika soko la Gatuanyaga, na kwamba wote wawili walikuwa wanaongea kwa pamoja.