Maji ya Mvua Ndani ya Kibuyu

Nilipotolewa kwenye kuchuma majani chai nikapewa kusafisha nyumba ya wageni ya shamba, kule upande wa Boito, nilijiona nimebahatika kweli. Kifua changu hakikuwezana tena na ukungu wa asubuhi. Msimamizi alinipa mwezi mmoja wa kunijaribu.

Kumbe vioo vina hasira zao. Nilivifuta mpaka mkono ukafa ganzi, lakini jua likitoka tu, michirizi myeupe hiyo, kama njia ya konokono. Mpishi wa pale, mama Mkipsigis aliyenizidi umri kwa mbali, alinionea huruma.

"Hii maji ya kisima iko na chumvi, msichana yangu. Ikikauka inabaki kwa kioo. Nitakuletea ya mvua."

Kesho yake akaja nayo kutoka mabati ya kwake, ndani ya kibuyu kikubwa cha maziwa. Mitungi yake ilinuka mafuta ya taa, na yeye hakuwa mtu wa kumbebea mwenzake maji kwenye chombo kichafu. Kibuyu kile ndicho kilichokuwa safi kuliko vyote nyumbani mwake. Alikuwa akikipaka mkaa ndani kwa mkono wake mwenyewe, tayari kwa mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, na hata mke wa mwanawe hakuruhusiwa kukigusa. Alikuwa amekisuuza mpaka maji yakatoka maangavu. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Michirizi myeupe ikaisha, ikaja mingine, ya utelezi, yenye rangi za mafuta. Nikabadilisha kitambaa. Nikaacha sabuni. Nikasugua kwa magazeti. Wapi! Msimamizi akapitisha kidole kwenye kioo.

"Wageni wanafika Ijumaa jioni. Nikipata hivi tena, Jumatatu unarudi kwa kikapu cha majani chai."

Alhamisi nilikipumulia kioo nikifute, nikasikia harufu. Mursik! Mafuta ya maziwa ya miaka mingi yalikuwa yamejificha ndani ya kibuyu. Sasa ningemwambiaje? Kumwambia mama kama yule kwamba kibuyu chake kinachafua ni kumvua nguo. Nikanyamaza. Mimi ni mwoga sana mbele ya watu wanaonipenda.

Ijumaa asubuhi alileta maji mengine, akasimama kuniangalia kwa furaha. Nikayatumia. Msimamizi alipokuja hakunipotezea maneno.

"Basi, mama. Kikapu chako kiko stoo."

Mpishi akaninyang'anya kitambaa, akakinusa. Pale barazani walikuwepo karani, dereva na mtunza bustani, wote majirani zake.

"Huyu hana makosa," akasema kwa sauti. "Hii ni maziwa. Kibuyu yangu ndiyo chafu."

Hakuna aliyecheka. Mvua ya mchana ilipokuja tuliikinga kwa karai jipya, tukaosha vioo pamoja, na wageni walipofika vilikuwa viking'aa.

Kazi yangu ikabaki. Jina zuri la kibuyu chake halikurudi. Kwenye sherehe za majirani alipewa kupika ugali, maziwa wakaleta wengine. Hata hivyo alikuja na yake, akayaweka pembeni. Mimi nilikuwa nikisimama mbele ya watu wote nikajimiminia kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, ingawa tumbo langu la watu wa ziwani, walaji samaki, halikuyazoea hata siku moja.