Kibaski cha Frère Mattin

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa mvua katika karakana ya useremala ya misheni, hapa Kisangani, nilipoicheka lugha ya mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliyenifundisha kazi alikuwa Frère Mattin, mtawa mzee kutoka milima iliyo kati ya Ufaransa na Uhispania. Sote tulimdhania Mfaransa. Siku hiyo, tukingoja mvua ipungue, aliniambia kwamba yeye ni Mbaski, na kwamba Kibaski, ambacho wenyewe wanakiita euskara, hakina ndugu hata mmoja kati ya lugha za jirani. Kifaransa kina ndugu zake. Kiswahili na Lingala ni za ukoo mmoja. Kibaski kimekaa pale peke yake tangu kale, na mabingwa wameshindwa kujua kilitoka wapi.

Akachukua kalamu, akaandika juu ya kipande cha ubao: etxe, nyumba. Ile tx yao ni ch yetu. Etxera, kwenda nyumbani. Etxetik, kutoka nyumbani. Ninyi, alisema, mwapachika vipande mbele ya neno, sisi Wabaski tunavipachika nyuma. Mama ni ama, baba ni aita, maji ni ura. Akanisimulia pia kwamba shuleni kwao mtoto aliyekamatwa akisema Kibaski alichapwa. Halafu akaniomba jambo dogo.

“Kila asubuyi uniambie egun on. Ni salamu yetu ya asubuyi tu. Iko miaka mingi sijasikia mutu ananiambia vile.”

Nikacheka. “Frère, hii luga itanipatia kazi gani?”

Alishika randa yake akaendelea na mbao. Nilimsalimia vile kwa juma moja, kwa mzaha mzaha, kisha nikaacha. Naye hakuniomba tena.

Mwaka uliofuata alipatwa na kiharusi. Kifaransa kikamtoka, Kiswahili kikamtoka, kikabaki kile alichonyonya kwa mama yake. Mapadri walikuja, wakasema naye kwa sauti kubwa kama na kiziwi, wakaondoka. Mimi nikapewa zamu ya mchana. Siku ya kwanza alisema ura, nikampa maji, naye akanitazama kwa furaha ambayo sikuistahili. Basi akaamini kwamba ninaelewa. Siku tatu alizungumza nami, taratibu, akinyamaza kidogo ili nijibu. Nami nikatikisa kichwa tu. Neno jingine nililolishika ni ama. Alitaka kumwambia nini mama yake, au alikuwa ananituma kwa nani, sijui hata leo. Siku ya nne akafariki, mkono wake ndani ya mkono wangu.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Opala. Nilipomweleza, aliendelea kumenya mihogo. Kisha akasema kwa Kimbole, lugha ya kwetu: “Yule mzee alikufa peke yake, na wewe umekaa pale.”

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Leo mzee ni mimi, hapa mtaani Mangobo. Watoto wangu wa kuzaa niliwalea kwa Lingala na Kifaransa, nikidhani hizo ndizo zitakazowafaa. Dada yangu, aliyekaa ng’ambo ya mto, Lubunga, ndiye wa mwisho niliyecheka naye kwa Kimbole. Tulimzika msimu wa mvua uliopita. Nyumba yangu imejaa watu. Wajukuu wananiita koko, wananiletea lituma, zile ndizi za kupondwa, ingali moto, nami nakula kimya. Asubuhi nikinawa uso najisalimia mwenyewe kwa Kimbole, tena kwa sauti ndogo, wasije wakadhani nimerukwa na akili. Simlaumu mtu.

Basi nakuambia waziwazi. Mtu akikupa neno la kwao, lipokee, hata kama halitakupatia kazi. Tena usiishie kwenye salamu, maana salamu peke yake haimtoshi mgonjwa. Na lugha ya mama yako usiione ndogo. Mwacha asili ni mtumwa. Nenda ukakae na bibi yako angali na pumzi, umwulize, ukosee, akucheke, urudi tena kesho.

Mungu akujalie maisha marefu, mwanangu, na katika uzee wako akupe mtu wa kukujibu.