Vishono Themanini

Juzi mwanamke wa makamo aliniletea uzi mwembamba, nimfumie sweta. Hakunitambua. Nilipougusa ule uzi nikasikia tena spoku za baiskeli zikigongana, na harufu ya turubai lililochomwa jua kule kambini Lukole.

Mama alifumia spoku hizo. Siku moja huyu mwanamke, tukiwa watoto, alininyooshea kidole sokoni: "Mama, lile sweta langu!" Mama yake, mke wa mwenye duka, akanivua mbele ya watu.

"Vitoto vya wakimbizi, wezi tu!"

Jioni walilikuta la kwao nyumbani. Pole hatukupata. Wiki iliyofuata mke huyo wa mwenye duka alikuja kwetu na uzi mwembamba, akitaka sweta lake la Pasaka. Nilimpa shikamoo, hakuitikia.

Mama akaanzisha vishono themanini, hesabu ya uzi mnene.

"Mama, uzi huu ni mwembamba. Hatuongezi vishono?"

"Nyamaza, mwanangu. Nafuma."

Nilidhani macho yake yamechoka, nikamwombea kwa Bikira Maria. Sasa najua yalikuwa mazima kabisa.

Sweta lilichukuliwa asubuhi ya Pasaka. Kwa kuwa alikwisha kujisifu kwa kila mtu, mama yule alilivaa hivyo hivyo, ingawa lilimbana. Alipoinua mikono kuimba, likampanda hadi kwapani kama la mtoto. Kanisa zima likacheka. Mama yangu hakucheka. Alipiga ishara ya msalaba.

"Nije lini?" aliniuliza juzi yule mwanamke, binti wa mke wa mwenye duka.

"Jumapili asubuhi, dada, kabla ya misa."

Alipotoka nikaanzisha vishono themanini.