Paipu ya Kusikilizia Kabureta

Gari langu la michezo ni la Kijapani, la milango miwili, limenizidi umri, na lina kabureta mbili ambazo lazima zivute hewa sawasawa. Mafundi wa siku hizi kule Mwiki hufungua boneti, hutafuta mahali pa kuchomeka kompyuta, na wakikosa wananiambia niliuze. Upuzi mtupu! Ndiyo maana kila mwaka nalipeleka Makongeni, kwa mzee mmoja ambaye huweka ncha moja ya paipu ya mpira sikioni na ile nyingine kwenye mdomo wa kabureta, husikiliza, hugeuza skrubu kidogo tu, na injini inatulia.

Mwezi jana nilimkuta amekaa mlangoni pa gereji yake. Nilimsalimia mara tatu. Aliinua kichwa pale tu kivuli changu kilipomwangukia miguuni.

Hakusema lolote kuhusu masikio. Aliniambia niwashe, akasikiliza kabureta ya kwanza, kisha ya pili, kisha akarudi kwa ya kwanza. Injini ilikuwa inakohoa hadi taa za mbele zinatetemeka. Mwishowe aliifuta paipu kwa shati lake, akanipa.

“Sikiza wewe. Ni gani inavuta kwa nguvu?”

Nilisikiliza zote mbili. Zilivuma tu, kama birika mbili jikoni. Miaka hii yote nimesimama kando yake na sijawahi kumwomba anifundishe. Alikuwa ananitazama mdomo, akingoja.

Nikamwonyesha moja, yoyote tu. Akachukua bisibisi, akainama, akaanza kuigeuza skrubu ya kabureta hiyo kwa uangalifu mkubwa.