Tonge la Kwanza Langoni mwa Chuo

Vasta, muuza chumvi wa Kabatoro, hakuwahi kushindwa kwa maneno. Wateja walimjua, wauzaji wenzake walimwogopa. Kwa hiyo siku aliyonyamazishwa na tonge moja la ugali huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, habari ilifika nyumbani kabla yake.

Alizaliwa Bulembia, katika bonde la Kilembe, akiwa na kichwa chepesi cha masomo. Baba yake alimtoa darasani ili kaka zake wasome. Desturi hiyo tumeivisha majina ya heshima, tukaiita busara, tukaiita ukoo. Jina lake ni dhuluma, na wanaoitetea hadi leo na waone haya. Kaka wenyewe hawakufika popote. Miaka mingi baadaye mto Nyamwamba ulipofurika na kuibeba nyumba yake, Vasta alishuka na binti yake Phionah hadi Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, akaapa kwamba huyu hatatolewa shuleni na kiumbe yeyote.

Kiapo kilitimia. Phionah alisomea ualimu katika chuo kimoja cha Bwera. Ila kila alipopiga simu hakukosa kumtaja Anastasie, Mkongo kutoka Butembo aliyepika langoni mwa chuo. Sombe ya Anastasie hivi, samaki wa Anastasie vile. Vasta alisikiliza huku moyo ukimchoma kama kidonda kilichoingia chumvi.

Siku ya wazazi ilipofika, alipika bundu, ule ugali wa muhogo, akaufunga katika majani ya mgomba na kuubeba hadi Bwera. Kila mwanamke wa Kikonzo anajua kwamba bundu hausafiri. Ukipoa huwa jiwe. Vasta alijua vizuri kuliko wengi. Wivu ulimwambia ubebe, naye akaubeba.

Phionah alimtembeza chuoni. Katika darasa moja mama aliketi kwenye dawati la mbele, akapapasa mbao zake taratibu.

"Hapa ndipo unapokaa?"

"Hapa hapa, mama."

Vasta aliinuka haraka. Alimwonea kijicho mtoto wa tumbo lake mwenyewe, akajichukia kwa hilo. Walipofika jikoni alipata pa kumwagia hasira yake: uji mwepesi kama maji ya mferejini, maharage yenye wadudu wanaoelea. Chuo kinacholea walimu wa taifa kiliwalisha chakula ambacho mkuu wake asingemtupia mbwa wake!

"Ndiyo sababu tunakula kwa mama," alisema Phionah.

"Mama yupi?"

Binti alimshika mkono, akampeleka langoni.

Chini ya turubai langoni, Anastasie, mwanamke mnene mwenye kitenge cha manjano, alikuwa akipakulia wanafunzi sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa na kuungwa kwa mawese.

"Karibu, mama Phionah! Ikala hapa. Mutoto yako anakulaka muzuri, hapana kama bale bengine."

Kinande cha Butembo na Lhukonzo, lugha ya Vasta, ni lugha ndugu; wangeweza kuzungumza kama watu wa mji mmoja. Vasta alichagua Kiswahili, lugha ya sokoni, ili kuweka umbali.

"Onja wewe kwanza," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, sahani ya ugali na sombe ilipowekwa mbele yake.

Vijiko vilisimama. Kwetu, kumwambia mpishi aonje kwanza mbele za watu ni kumwita mtia sumu. Msichana mmoja alisukuma sahani yake pembeni. Mwingine akainuka.

"Miye?" Anastasie aliweka upawa chini. "Batoto benakula kwangu kila siku, mama. Kuko mutoto gani alikufa?"

"Tunawajua nyinyi watu wa ng'ambo."

Kabla Anastasie hajajibu, Phionah alinyoosha mkono, akakata tonge katika sahani ya mama yake, akachovya sombe, akala. Alitafuna pole pole akimtazama mzazi wake machoni. Kuonja ni kazi ya mwenye nyumba, na kwa tonge lile Phionah alikuwa amesema nyumba yake ni ipi.

"Kula sasa, mama," alisema. "Nimeonja mimi."

Wasichana wote walimtazama Vasta. Alikata tonge, akala. Sombe ilikuwa tamu, na hilo lilimuuma kuliko kama ingekuwa mbaya. Alipokula la pili alisita.

"Chumvi hii umeitoa wapi?"

"Mutoto yako ananiletaka. Anasema ya mama yake inapita zote."

Vasta aliinamia sahani ili watu wasimwone macho. Alikula mpaka akaipangusa. Kisha akaufungua bundu wake, mgumu kama kigae, naye Anastasie, bila kucheka, akaukata vipande na kuviweka juu ya makaa. Yule msichana aliyeinuka akarudi kuketi.

"Wasingya," alisema Vasta mwishowe, ahsante katika lugha zote mbili walizonyonya pamoja na maziwa. Haikutoka kwa urahisi.

Wivu, hata hivyo, haukuisha. Wivu wa aina hiyo hauishi. Vasta alipokuwa amekwisha kushika barabara, Phionah aliita kutoka langoni:

"Mama!"

Wanawake wote wawili waligeuka. Vasta akawahi kuitika.